Tanga ya mkonge: Historia na uchumi wa mji uliotegemea zao moja

JIJI la Tanga ni miongoni mwa miji michache ya Afrika Mashariki ambayo historia yake inaweza kusimuliwa kwa kutaja mmea mmoja. Reli yake, bandari yake, umeme wake, baadhi ya shule zake na hata mchanganyiko wa makabila yaliyomo ndani yake na katika wilaya za jirani ni matokeo ya mkonge, zao lililoingia katika pwani hiyo mwishoni mwa karne ya 19.

Dunia ina miji mingi ya namna hiyo. Ipo iliyojengwa juu ya makaa ya mawe, ipo ya shaba na chuma, na ipo ile ya iliyokuwa Urusi ya Kisovieti, kama Ozyorsk, iliyojengwa kwa ajili ya viwanda vya nyuklia na kuzungushiwa uzio. Tanga haikuwahi kufungwa kwa uzio. Hata hivyo, kama ilivyo kwa miji hiyo, mambo makubwa yaliyoamua maisha ya wakazi wake yaliamuliwa mbali: bei katika masoko ya Ulaya na Marekani, nguvukazi kutoka mikoa ya mbali, na sera kutoka makao makuu ya serikali.

Sasa jiji hilo linaingia katika zama nyingine, za bandari iliyopanuliwa na bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda. Kwa sababu hiyo, historia ya mkonge ina funzo kwa wanaoipangia Tanga miaka ijayo.

Miche iliyovuka bahari

Kabla ya mkonge, kitovu cha biashara katika pwani hiyo kilikuwa Pangani, bandari iliyopokea misafara ya pembe na watumwa kutoka bara. Hapo ndipo Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani dhidi ya Wajerumani, alipouawa kwa kunyongwa Desemba 1889.

Baada ya upinzani huo kuzimwa, Wajerumani walitafuta zao la kulipia gharama za koloni lao. Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche ya mkonge, mmea ambao asili yake ni rasi ya Yucatán nchini Meksiko. Miche hiyo ilitoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg. Inaelezwa kuwa kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai mwaka 1893 na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Mkonge ulistahimili jua na vipindi vya ukame vya nyanda za chini za Usambara kuliko mazao mengine waliyoyajaribu walowezi. Kahawa iliyopandwa Usambara Mashariki, kwa mfano, haikuwapa mavuno waliyoyatarajia. Kufikia mwaka 1913, koloni hilo lilikuwa likiuza nje takriban tani 20,000 za katani kwa mwaka, na zao hilo lilikuwa limeshika nafasi ya kwanza katika mauzo ya nje.

Reli yaipa Tanga nafasi ya Pangani

Ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia Tanga mwaka 1893, na ndiyo reli ya kwanza katika ardhi ambayo leo ni Tanzania Bara. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911.

Reli hiyo ilibadili ramani ya biashara. Pangani, iliyokuwa mlango wa misafara, ilibaki pembeni, nayo Tanga ikapata mzigo wote. Mashamba ya mkonge yalifuata njia ya reli: Pongwe, Ngomeni, Muheza, Hale, Korogwe, Mombo na Mazinde. Mengi yalijenga reli zake ndogo za kubebea majani kutoka shambani hadi kiwandani.

Sababu yake ni ya kiufundi. Katika uzito wa jani la mkonge, katani ni takriban asilimia nne tu. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji na makapi. Kusafirisha majani mabichi kwenda mbali ni hasara, na jani likikaa muda mrefu baada ya kukatwa singa zake hazikamuliki vizuri. Kila shamba kubwa lililazimika kuwa na mashine yake ya kukamulia, inayoitwa na wafanyakazi korona, pamoja na maji mengi ya kuoshea, uwanja wa kuanikia na nyumba za wafanyakazi. Shamba la mkonge kwa hiyo lilikuwa kiwanda kilichozungukwa na kijiji chake.

Mji wenyewe ulipangwa kwa mtindo huohuo wa mgawanyo. Wazungu walikaa upande wa bahari na Raskazone, wafanyabiashara wa Kiasia walishika maduka ya katikati ya mji, na Waafrika walipewa Ngamiani, ambako hadi leo mitaa hutajwa kwa namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, na kuendelea hadi inapozidi ishirini.

Vita Kuu ya Kwanza ilisimamisha yote. Waingereza walishindwa katika mapigano ya Tanga Novemba 1914, lakini waliuchukua mji huo mwaka 1916. Baada ya vita, mashamba ya Wajerumani yalitaifishwa kama mali ya adui na kuuzwa kwa Waingereza, Wagiriki, Waasia na wengineo. Shule ya Sekondari Galanos inabeba hadi sasa jina la mwenye mashamba wa Kigiriki wa enzi hizo.

Manamba na kipande

Wenye mashamba walikuwa na ardhi na mashine, lakini hawakuwa na watu. Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wadigo walikuwa na mashamba yao ya chakula, na wengi waliona faida zaidi katika kuyauzia mashamba ya mkonge mahindi, mihogo na mboga kuliko kukata majani kwa mkataba.

Nguvukazi ikatafutwa mbali. Waha walitoka Kigoma, Warundi walivuka mpaka, Wangoni na Wabena walitoka kusini, Wanyamwezi na Wasukuma walitoka magharibi, na Wamakonde walitoka pande zote mbili za mto Ruvuma. Waliosafirishwa kwa mkataba waliitwa manamba, kutokana na namba walizopewa walipoandikishwa. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kama SILABU, ambayo iliwasafirisha watu hao kwa malori na treni hadi kambini.

Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye siku 30 za kazi ambazo mfanyakazi alitakiwa kuzikamilisha ndani ya siku 42. Mkataji alipewa idadi ya mafungu ya majani ya kukamilisha kwa siku, kila fungu likiwa na majani 30. Asiyemaliza mafungu yake siku hiyo haikuandikwa katika kipande.

Mfumo huo ulimpa mwajiri nguvukazi ya bei nafuu. Gharama ya kumlea mfanyakazi kabla hajaajiriwa, na ya kumtunza akizeeka, iliachiwa familia yake huko alikotoka. Kwa upande mwingine, fedha nyingi za mishahara hazikukaa Tanga, kwani ziliondoka na manamba waliporejea kwao. Usemi maarufu wa mji huo, “waja leo, waondoka leo”, ungeweza kabisa kusemwa juu ya kambi hizo.

Si wote walioondoka. Maelfu walibaki baada ya mikataba kwisha, wakaoa na kuzaa. Wazao wao ni sehemu ya wakazi wa leo wa Muheza, Korogwe na Tanga mjini, na wengi walizaliwa katika ardhi ya kampuni, bila shamba la ukoo la kurithi. Jambo hilo lilikuja kuwa zito baadaye, mashamba yalipofungwa.

Wafanyakazi hawakukaa kimya. Makuli wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1939 wakidai nyongeza ya malipo. Mwaka 1958 ulizuka mgomo mkubwa katika shamba la Mazinde, wakati ambapo vyama vya wafanyakazi na harakati za TANU za kudai uhuru vilikuwa vikienda bega kwa bega.

Bidhaa ya vita, kisha bidhaa ya dunia

Vita Kuu ya Pili iliupa mkonge wa Tanga hadhi ya bidhaa ya kijeshi. Japani ilipoziteka Ufilipino na Java mwaka 1942, nchi za Magharibi zilipoteza vyanzo vyao vikuu vya nyuzi ngumu za kutengenezea kamba za meli. Serikali ya Uingereza ilianza kununua mkonge wote wa Tanganyika kwa bei iliyoipanga yenyewe, na serikali ya koloni ikatumia amri za kazi za lazima kuyapatia watu mashamba yaliyohesabiwa kuwa muhimu kwa vita.

Baada ya ununuzi huo kukoma na soko kufunguliwa, bei ilipanda. Vita vya Korea viliipandisha zaidi, na mwaka 1951 mkonge peke yake ulileta zaidi ya nusu ya thamani ya mauzo ya nje ya Tanganyika. Kituo cha utafiti cha Mlingano, karibu na Muheza, kilichoanzishwa miaka ya 1930, kilitoa aina chotara nambari 11648 yenye majani mengi zaidi, ambayo baadaye ilisambaa hadi China.

Mji nao ulineemeka. Umeme wa maporomoko ya mto Pangani, ulioanza kuzalishwa miaka ya 1930, ulilisha mashamba pamoja na Tanga yenyewe. Wakati wa uhuru, sekta ya mkonge iliajiri zaidi ya watu 100,000 nchini, na Mkoa wa Tanga ulikuwa na sehemu kubwa kuliko mkoa mwingine wowote. Uzalishaji ulifika kilele mwaka 1964, takriban tani 230,000, na nchi ikawa ya kwanza duniani. Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Tanga ikiwa na watu zaidi ya 60,000, mji wa pili kwa ukubwa Tanzania Bara baada ya Dar es Salaam.

Anguko lenye sababu nyingi

Mazungumzo mengi ya mitaani huliweka anguko la Tanga katika mwaka mmoja, 1967, na katika neno moja, kutaifishwa. Mpangilio wa matukio unaonyesha kuwa ugonjwa ulikuwa umeanza mapema zaidi.

Kwanza ni bei. Mwishoni mwa mwaka 1964 bei ya mkonge duniani ilianza kuporomoka, na kufikia mwaka 1967 ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Brazil ilikuwa ikiongeza uzalishaji, na kubwa zaidi, wakulima wa Ulaya na Marekani, wateja wakuu wa kamba za kufungia nyasi na nafaka, walianza kutumia kamba za plastiki zinazotokana na mafuta ya petroli.

Pili ni tabia ya mmea wenyewe. Mkonge hukaa takriban miaka mitatu kabla ya kukatwa kwa mara ya kwanza, kisha hukatwa kwa miaka mingine kadhaa hadi utoe mlingoti wake wa maua na kufa. Mwenye shamba anayeona bei ikishuka anaweza kuendelea kukata bila kupanda upya, na kwa miaka michache hesabu zake huonekana nzuri. Wamiliki wengi walifanya hivyo katikati ya miaka ya 1960. Hasara ya uamuzi huo ilijitokeza miaka ya 1970, mashamba yakiwa tayari mikononi mwa wengine.

Tatu ni utaifishaji. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba hayo mwaka huohuo na kuyaweka chini ya Shirika la Mkonge. Shirika lilirithi mkonge unaozeeka, mitambo iliyochoka na upungufu wa mameneja. Bei ilipopanda ghafla mwaka 1974 kufuatia mgogoro wa mafuta duniani, mashamba hayakuwa na mkonge wa kutosha kunufaika nayo. Shilingi iliyokadiriwa juu kuliko thamani yake halisi na uhaba wa fedha za kigeni za kununulia vipuri vilizidisha hali hiyo. Katikati ya miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa karibu tani 30,000, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ulishuka hadi karibu tani 20,000.

Nne ni njia za usafiri. Tangu Waingereza waunganishe Moshi na Voi kwa reli wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, sehemu ya mzigo wa Kilimanjaro ilikuwa ikienda Mombasa. Mwaka 1963 ilifunguliwa reli ya Ruvu hadi Mruazi iliyounganisha reli ya Tanga na reli ya kati, hivyo mzigo wa kaskazini ukaweza kwenda Dar es Salaam moja kwa moja. Bandari ya Tanga, ambayo kina chake kidogo kililazimu meli kutia nanga mbali na gati na kupakuliwa kwa matishari, haikuweza kushindana na bandari hizo mbili.

Viwanda vilivyokuja na kuondoka

Serikali ilijaribu kuiondoa Tanga katika utegemezi huo kwa kuifanya mji wa viwanda. Kiwanda cha chuma kilianza miaka ya mwanzo ya 1970, kiwanda cha mbolea kikafuata mwaka 1972, na kiwanda cha saruji cha Pongwe kikaanza mwaka 1980. Vilikuwapo pia viwanda vya mbao, sabuni na plastiki.

Kiwanda cha mbolea, kilichojengwa kwa ushirikiano na kampuni ya Klöckner ya Ujerumani Magharibi, ni mfano wa tatizo lililojirudia. Kiliwekwa Tanga kwa sababu ya bandari, kwani malighafi zake zilitegemewa kutoka nje ya nchi. Fedha za kigeni zilipoadimika, kiwanda nacho kilikwama, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilifungwa. Soko huria lilipofika, viwanda vingine kadhaa vilifuata njia hiyo hiyo, na treni za abiria za reli ya Tanga nazo zikasimama.

Kilichodumu zaidi ni kile chenye malighafi yake karibu. Saruji iliendelea kwa sababu ya mawe ya chokaa ya Pongwe na Maweni. Kiwanda cha pili, kilichojengwa Maweni na kampuni ya ARM ya Kenya, kilinunuliwa na Huaxin ya China mwaka 2020 baada ya ARM kufilisika. Maziwa ni mfano mwingine. Tanga Fresh, iliyoanza mwaka 1997 kwa ubia wa wafugaji wa mkoa huo na Waholanzi, hukusanya maziwa kutoka kwa maelfu ya wafugaji wadogo kupitia vyama vyao vya ushirika. Kwa utaratibu huo fedha za maziwa hufika moja kwa moja vijijini.

Mkonge wa wakulima wadogo

Mwaka 1998 sehemu kubwa ya mashamba ya umma iliuzwa kwa Katani Limited, ambayo ilianzisha mpango wa kuwagawia wakulima wadogo vipande vya ardhi ndani ya mashamba makubwa na kukamua majani yao katika korona zake. Hale kulijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa bayogesi inayotokana na makapi ya mkonge, uliozinduliwa mwaka 2008. Mtambo huo ulionyesha kuwa ile asilimia zaidi ya 90 ya jani iliyokuwa ikimwagwa mitoni ina thamani.

Utaratibu wa wakulima wadogo ulizaa pia malalamiko juu ya makato na malipo. Kuanzia mwaka 2019 serikali, kupitia Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, iliuweka mkonge miongoni mwa mazao ya kimkakati, na vyama vya ushirika vya Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi vikapewa nafasi kubwa zaidi katika usimamizi wa zao hilo. Uzalishaji wa taifa umepanda tena na kuvuka tani 40,000 kwa mwaka, ingawa bado uko mbali sana na kilele cha mwaka 1964. Wanunuzi wakubwa sasa ni pamoja na China na Saudi Arabia, ambako katani hutumika katika mazulia na kuimarisha plasta za jasi.

Ardhi imebaki suala gumu. Mashamba kadhaa yaliyotelekezwa katika wilaya za Muheza na Korogwe yamefutiwa hati na kugawiwa wananchi, wakiwamo wazao wa manamba. Kwingineko, familia zilizokaa vizazi vitatu katika kambi za zamani bado huhesabiwa kuwa ziko katika ardhi ya mwingine.

Bandari na bomba

Tanga ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2005. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya 390,000, lakini nafasi ya pili kitaifa ilikwisha kuchukuliwa na Mwanza miongo kadhaa kabla.

Bandari yake imefanyiwa upanuzi uliogharimu Sh bilioni 429.1. Kina kimeongezwa hadi mita 13 na gati la mita 450 limeboreshwa, hivyo meli kubwa zinaweza kutia nanga gatini bila kutumia matishari. Treni za mizigo zilirejea katika reli ya kaskazini mwaka 2019.

Mradi mkubwa zaidi ni bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, kaskazini mwa jiji. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 5, 2017 na marais John Magufuli na Yoweri Museveni. Bomba hilo, linalopashwa joto kwa sababu mafuta ya Uganda huganda katika joto la kawaida, limesanifiwa kusafirisha mapipa 216,000 kwa siku. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa, mashirika ya mafuta ya Tanzania na Uganda asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia nane. Kumekuwa na malalamiko ya kuchelewa kwa fidia kwa waliopisha njia ya bomba, na upinzani wa wanamazingira, likiwamo azimio la Bunge la Ulaya la mwaka 2022.

Kwa uchumi wa Tanga, mradi huo una sura inayofanana na ya mkonge, na nyingine tofauti nayo. Unafanana kwa kuwa bidhaa inatoka mbali, inauzwa mbali na bei yake haipangwi nchini. Unatofautiana kwa kuwa mkonge ulihitaji maelfu ya mikono kila siku, ilhali bomba huhitaji watu wengi wakati wa ujenzi na wachache sana baada yake. Ajira za kudumu zitategemea zaidi kile kitakachojengwa pembeni mwa bomba na bandari: maghala, karakana, usindikaji, na viwanda vya kamba, magunia na mazulia vitakavyotumia katani kabla haijapakiwa melini.

Sehemu kubwa ya katani ya Tanzania bado huuzwa nje ikiwa ghafi, kama ilivyouzwa mwaka 1913. Mkulima wa Korogwe anayepanda mkonge msimu huu ataanza kukata baada ya miaka mitatu, atategemea korona ambayo kwa kawaida si yake, na atalipwa kwa bei itakayokuwapo siku hiyo katika soko la dunia.